Betri za Motahomu Kwenye Msimu wa Baridi: Mwongozo Kamili wa Kuzilaza na Kuziamsha Zikiwa Hai

Kila Aprili, motahomu (magari yenye nyumba ndani yake) zinapoanza kutolewa kwenye yadi za Minnesota, jimbo la baridi kali huko Marekani, lawama huwa moja: baridi imeua betri. Baridi inaonewa. Betri iliyojaa inaweza kulala kwenye barafu miezi mitano na ikaamka salama, tena hupoteza chaji polepole kuliko ingewekwa sebuleni. Inayokufa ni ile iliyoachwa ikinyonywa kidogo kidogo tangu Oktoba, ikafika Januari imebaki nusu, ndipo ukaja usiku mmoja wa baridi ya kweli. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani kama 33 chini ya sifuri za Selsiasi. Usiku kama huo betri iliyojaa haina habari. Iliyobaki nusu huganda, ikavimba na kupasuka.

Kwa hiyo kazi ni mbili tu: kuijaza betri kabla baridi haijakaza, na kuhakikisha hakuna kinachoinyonya mpaka utakaporudi. Chaja za kudumu, paneli za sola na programu za simu huja baada ya hapo, na wengi wetu hatuzihitaji.

Nimefuata mazingira ya Minnesota, ambako watu wa Afrika Mashariki ni wengi na motahomu hulazwa tangu mwishoni mwa Oktoba hadi Aprili. Vipimo vya joto humu ni vya Selsiasi. Aliyeko Alberta, Kanada, au Norwe atabadilisha machache, kama volti za umeme wa nyumbani kwa wa Norwe. Wa Uingereza nimemtengea sehemu yake huko chini, kwani hali yake inatofautiana kwa jambo la msingi.

Jua una betri ngapi, na ziko wapi

Motahomu ina betri za kazi mbili. Kuna betri ya injini, inayowasha gari na kulisha taa za barabarani na kompyuta za gari. Halafu kuna betri ya nyumba, moja au kundi, inayolisha taa za ndani, pampu ya maji, feni ya hita, friji na ving'ora. Betri ya injini ndiyo inayosahauliwa. Mtu anachomeka waya wa umeme wa nje, anaona kitaa cha chaja kinawaka, anakwenda zake akiamini kila kitu kinajazwa. Kwenye motahomu nyingi za Marekani, chaja iliyojengewa ndani hujaza betri ya nyumba peke yake.

Usikisie, pima. Kabla ya kuchomeka umeme wa nje, soma volti za betri ya injini. Chomeka, subiri dakika kumi, soma tena. Ikipanda hadi 13.2 au zaidi, inapata chaji. Ikibaki palepale ilipokuwa, haipati kitu, na itabidi uihudumie kivyake.

Kuzipata ni rahisi. Ya injini kwa kawaida iko chini ya boneti au imefungwa kwenye fremu. Za nyumba, kwa motahomu za ukubwa wa kati, mara nyingi ziko chini ya ngazi ya mlango: unainua kidato cha juu unazikuta zimekaa kwenye trei, mara nyingi na vumbi la barabara za kiangazi kizima. Ukikuta mbili zenye vifuniko vitatu vitatu, hizo ni za volti 6 zilizoungwa mfululizo kutoa 12, za aina inayotumika kwenye magari ya gofu. Zenye vifuniko sita ni za volti 12. Isiyo na vifuniko kabisa, na imeandikwa AGM, ni ya asidi iliyofungiwa ndani ya mikeka ya nyuzi za kioo. Ikiwa ni nyepesi kupita ulivyotarajia na ina maandishi LiFePO4, hiyo ni lithiamu, nayo ina masharti yake ambayo nimeyaeleza kivyake huko chini.

Vifaa vyenyewe si vya gharama: mita ya dijitali ya bei ya chini, spana namba 10 na 13 (gari la Kimarekani linaweza kudai za inchi), miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, brashi ya waya, magadi ya kuokea, vaselini kidogo, na simu ya kupigia picha. Kwa betri zenye vifuniko ongeza maji ya betri, yale yaliyotoneshwa yasiyo na madini. Usitie asidi. Asidi haipungui kwenye betri inayotumika kawaida. Kinachopungua ni maji.

Namba ambazo lazima uzijue

Volti husomwa betri ikiwa imetulia, saa kadhaa baada ya kuondoa chaja au kuzima injini, na ni afadhali ilale usiku mzima. Ukisoma mara tu baada ya kutoa chaja utaona 13 na kitu, ukafurahi bure.

Kwa betri ya asidi ya kawaida:

12.6 hadi 12.7: imejaa. Asidi yake haigandi mpaka zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri.
12.4: robo tatu. Huganda karibu na 37 chini ya sifuri.
12.2: nusu. Huganda karibu na 24 chini ya sifuri.
12.0: robo. Karibu na 16 chini ya sifuri.
11.8: tupu. Karibu na 10 chini ya sifuri.

AGM iliyojaa husoma juu kidogo, 12.8 au 12.9.

Sababu ya tofauti hii ni kwamba betri inapotoa umeme, asidi huingia kwenye sahani za risasi na kinachobaki kinazidi kuwa maji matupu. Linganisha sasa orodha hiyo na ule usiku wa Januari 2019. Betri ya 12.4 ingepita kwa kubanwa. Ya 12.2, ambayo wengi wangeiita nzuri kwa kuwa bado inawasha taa, ingekuwa donge la barafu kabla ya asubuhi.

Kuna hasara ya pili isiyongoja barafu. Betri ikikaa chini ya 12.4 kwa wiki nyingi, salfeti iliyo kwenye sahani huwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziyeyushi tena zote. Hiyo ndiyo betri inayojaa haraka ajabu wakati wa machipuko, na kuisha haraka vilevile. Kwa hiyo mstari wangu ni 12.5: ikishuka hapo, ichajiwe, hata kama nje kuna joto.

Nani anakula chaji wakati hakuna mtu

Betri iliyotengwa na kila kitu hupoteza kidogo sana. Ya asidi ya kawaida, kwenye joto la chumba, hupoteza kama asilimia 5 kwa mwezi, AGM chini ya hapo, na upotevu huo hupungua kwa takriban nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10. (Wenzetu wa Muscat, Omani, wanaujua upande wa pili: kule joto la kiangazi ndilo linalomaliza betri.) Kwenye theluji ya Minnesota, basi, betri iliyojaa na kutengwa inakaribia kulala usingizi kamili.

Wezi wako upande wa nyaya. Chuchumaa karibu na jiko uangalie chini, kama kimo cha kifundo cha mguu. Kile kisanduku chenye kitaa cha kijani ni king'ora cha gesi, kimewekwa chini kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Kinakula karibu sehemu moja ya kumi ya ampea, mchana na usiku. Inaonekana si kitu, lakini piga hesabu: 0.1 mara saa 24 ni ampea-saa 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Betri ya ampea-saa 100 inafika nusu ndani ya wiki tatu, kwa kijitaa kimoja tu. Ongeza kumbukumbu ya redio, kikuza mawimbi cha antena ya televisheni (kina kiswichi chenye kitaa ambacho hakuna anayekikumbuka), bodi ya friji, na inveta (kile kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) iliyoachwa imewashwa, ambayo peke yake inaweza kula ampea nzima bila kulisha chochote. Ndiyo maana motahomu iliyozimwa kila kitu huweza kumaliza betri kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, mwishoni mwa Novemba.

Ukitaka kujua yako inakula kiasi gani, pima hivi. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, subiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Geuza mita iwe ya ampea na uhamishe waya wake mwekundu kwenye tundu la ampea 10. Fungua waya hasi wa betri, kisha weka mita katikati: ncha moja kwenye waya uliofungua, nyingine kwenye teminali hasi. Sasa umeme wote unaotoka unapita kwenye mita. Usiwashe injini, ngazi ya umeme wala chumba cha kusukuma nje (kile kinachopanua gari likiwa limeegeshwa) ukiwa hivyo. Fyuzi ya mita itaungua papo hapo. Upande wa injini, kitu kama 0.05 ni cha kawaida. Upande wa nyumba, chochote kinachozidi 0.02 baada ya kugeuza swichi ya kukata betri maana yake swichi hiyo haikati kila kitu.

Mara nyingi haikati. Viwanda vingi huunganisha king'ora cha gesi na kidhibiti cha sola kabla ya ile swichi ya kukata, kwa makusudi, ili visizimwe kwa bahati mbaya. Ni usalama mzuri wakati mmelala ndani, na ni balaa wakati wa kuhifadhi. Mimi siiamini swichi hiyo mpaka mita iniambie sifuri.

Oktoba: jaza, safisha, kata

Jaza kwanza, tena mapema, kabla ya nyuzi kushuka chini ya sifuri. Wengi hawajui kwamba betri baridi inahitaji volti nyingi zaidi ili ijae. Chaja inayotoa 14.4 kwenye joto la kawaida ingepaswa kutoa zaidi ya 15 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na chaja isiyo na kipimo cha joto haijui hilo. Itawasha kitaa cha kijani huku betri haijajaa. Chaji ya Oktoba ni ya uhakika kuliko ya Desemba.

Betri za vifuniko: fungua uangalie maji baada ya kuchaji, si kabla. Yafike chini kidogo ya shingo ya tundu. Ukijaza kabla ya kuchaji, asidi inatanuka na kumwagika juu ya betri.

Teminali zenye unga mweupe au wa kijani zisafishe kwa magadi ya kuokea yaliyochanganywa na maji ya moto; yatatoa povu, hiyo ni asidi inauawa. Hakikisha vifuniko vimefungwa kabla ya kumwaga, magadi yasiingie ndani. Suuza, kausha, pitisha brashi.

Kisha kukata. Mpangilio una maana:

1. Kama una sola, ikate kwanza upande wa paneli, kwa kuzima fyuzi au swichi yake. Vidhibiti vingi haviruhusu paneli kubaki zimeungwa wakati betri imeondolewa, na vingine huharibika.
2. Chomoa umeme wa nje, zima inveta, geuza swichi ya kukata.
3. Piga picha za nyaya zote. Kwa betri mbili za volti 6 piga pande zote, kwa sababu ule waya mfupi unaoziunga ukirudishwa vibaya utateketeza vitu.
4. Fungua waya hasi, uufunge kitambaa au mfuko ili usirudi kugusa teminali.
5. Fungua chanya ikiwa unaitoa betri. Kama inabaki kwenye gari, hasi peke yake inatosha.

Hasi huanza kwa sababu bodi ya gari yote ni hasi. Spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado imeungwa, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Kabla ya kukata betri ya injini, angalia mambo mawili. Redio za zamani hudai namba ya siri zikikosa umeme. Itafute kwenye kitabu cha gari. Na kama milango yako hufunguka kwa rimoti, hakikisha ufunguo wa kawaida unafungua angalau mlango mmoja, maana rimoti haitafanya kazi Aprili.

King'ora cha gesi na cha kaboni monoksidi vikizimwa hakuna tatizo, mradi mitungi imefungwa na hakuna atakayelala humo. Bandika karatasi kwenye usukani: "ving'ora vimekatwa".

Uiache kwenye gari au uipeleke nyumbani?

Kwa betri ya asidi iliyojaa, yenye afya, iliyokatwa hasi: iache. Najua ushauri wa kawaida ni kuibeba mpaka ndani, na haudhuru, lakini betri moja ya nyumba ina kilo 25 au zaidi, na ndani kwenye joto itapoteza chaji haraka kuliko nje. Ibebe kama ni nzee, kama yadi yako ina wezi, au kama huwezi kwenda kuipima hata mara moja katikati ya msimu.

Ukiibeba, iweke mbali na boila la maji la gesi. Nyumba nyingi za hapa zina boila na tanuru vyote chini, kwenye besimenti, mahali hapohapo ambapo mtu hufikiria kuweka betri. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na moto mdogo wa boila unatosha kuilipua. Gereji yenye hewa ni bora. Kuhusu kuweka betri kwenye sakafu ya simenti, ile imani hata mafundi wetu wa nyumbani wanayo: makasha ya plastiki ya leo hayavujishi chaji kwenye simenti. Weka popote palipo tambarare.

Kuiacha kwenye chaja

Kama motahomu iko uani kwako na umeme upo, kuchomeka kunaondoa wasiwasi mwingi, ila kwa masharti.

La kwanza ni aina ya chaja. Iliyojengewa ndani ya motahomu za zamani hutoa volti moja tu, 13.6 au zaidi, bila kushusha kamwe. Kwa miezi mitano inachemsha maji ya betri polepole mpaka sahani zinabaki wazi. Pima volti za betri siku mbili baada ya kuchomeka. Ikiwa zimeshuka karibu na 13.2, chaja yako ina akili ya kuhifadhi. Zikiwa bado 13.6 au 13.8, usiiache, au uwe tayari kukagua maji kila mwezi. Chaja ndogo za kisasa za ampea 1 hadi 5 zinafanya kazi hii vizuri kuliko nyingi za ndani. Victron Blue Smart, kwa mfano, hushuka hadi 13.2 betri ikitulia, kisha mara moja kwa wiki hupanda kwa muda kuiamsha. Chagua aina ya betri kwenye kitufe cha chaja, kwani mpangilio wa lithiamu kwenye betri ya asidi, au kinyume chake, ni kuharibu. Betri ya injini inataka chaja yake, isipokuwa kipimo kile cha mwanzo kilionyesha inalishwa.

La pili linahusu vitu vingine vinavyoamka ukichomeka. Boila la maji la motahomu limeshamwagwa maji kwa ajili ya baridi. Kama kipashio chake cha umeme kimewashwa, kinaungua ndani ya dakika chache kwenye tangi tupu. Zima brekari yake kabla ya kuchomeka. Friji iliyo kwenye hali ya kujichagulia nayo itajiwasha. Acha brekari ya chaja peke yake ikiwa juu.

Tumia kebo nene ya nje. Ukitumia adapta ya kutoka plagi ya ampea 30 kwenda soketi ya kawaida ya ampea 15, ichunguze siku ya kwanza kwa mkono: ikiwa ya moto, kuna tatizo.

Sola na kuwasha injini

Minneapolis iko karibu na latitudo ya 45 kaskazini. Tarehe 21 Desemba jua la katikati ya mchana halipandi nyuzi 22 juu ya upeo wa macho, na paneli iliyolala bapa juu ya paa inalipata kwa ubavu. Halafu theluji inaifunika, na kuanzia hapo haitoi kitu. Usinunue paneli kwa ajili ya msimu huu.

Kuwasha injini dakika kumi na tano kila wiki mbili, bila kuendesha, ndiyo desturi ninayoipinga zaidi. Stata inachukua chaji nyingi kwa mpigo, na alterneta haiijazi betri baridi katika muda huo. Injini haipati joto la kutosha, unyevu unabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Kama unataka kuwasha, endesha kilomita 40 barabarani. Kama barabara ina chumvi, iache ilale.

Lithiamu

Geuza nusu ya uliyosoma. Lithiamu haitaki kulala imejaa. Asilimia 50 hadi 70 ni pazuri. Haipati salfeti, na haigandi na kupasuka kama ya asidi. Adui yake ni kuchajiwa chini ya nyuzi 0: lithiamu hujipaka kama chuma juu ya sahani badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu huo haurudishwi. Betri nzuri zina kidhibiti cha ndani kinachokataa chaji kwenye baridi. Za bei ya kutupa si zote. Ndiyo maana paneli ya sola iliyosahauliwa juu ya paa ni hatari hapa: siku ya jua kali na nyuzi 15 chini ya sifuri, itajaribu kuchaji.

Zenye hita ya ndani hupasha joto kwa umeme, na ukiiacha hita imewashwa bila chaja inaweza kumaliza betri yenyewe. Izime.

Watengenezaji wengi huweka mpaka wa kuhifadhi karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri, na Minnesota huvuka hapo. Kwa hiyo lithiamu ndiyo ninayoibeba ndani bila mjadala. Ya ampea-saa 100 ina kilo 11 hadi 14 tu, haitoi gesi, na kabati la nguo linaitosha.

Kwa walioko Uingereza

Kwenu kuganda si tatizo kubwa. Tatizo ni king'ora cha wizi na kifaa cha kufuatilia gari, ambavyo bima inaweza kuvidai viwe hai, navyo hula betri ya injini. Kukata hasi, basi, mara nyingi hakuwezekani. Hapa sola ina maana. King'ora cha 0.04 ampea kinakula karibu ampea-saa 1 kwa siku, na paneli ya wati 100 iliyo bapa, kusini mwa Uingereza mwezi Desemba, hutoa kama 3 hadi 4 kama haina kivuli. Inatosha, ila kidhibiti kiwe na njia ya pili ya kulisha betri ya injini, kwa sababu vingi hulisha ya nyumba tu. Uskoti mahesabu yanabana. Chomeka kwenye ile soketi ya buluu ya volti 230 siku moja kila wiki mbili au tatu, baada ya kuthibitisha kwa mita kwamba betri ya injini nayo inalishwa.

Januari: safari moja ya kwenda yadi

Nenda na mita na koleo la theluji. Pima moja kwa moja kwenye teminali. Zaidi ya 12.5, funga mlango urudi. Chini ya hapo, ibebe nyumbani, iache siku nzima ipate joto la chumba, ndipo uchaji. Mzigo wa kilo 25 wa risasi haupati joto kwa saa moja.

Ukikuta kasha limevimba, au vifuniko vimesukumwa juu, au unaona barafu ukifungua tundu, usiibusti na usiichaji. Umeme ukilazimishwa kupita kwenye betri iliyoganda unaweza kuilipua usoni mwako. Itoe kwa glavu, iweke kwenye beseni la plastiki mahali penye joto, isubiri iyeyuke, tafuta nyufa. Nyingi hazifai tena, na ile inayoonekana nzima ichajiwe nje ya nyumba, ukiwa mbali.

Aprili

Chaji kwa ukamilifu kabla ya kuunganisha. Kisha rudisha kinyume cha ulivyotoa: chanya, halafu hasi, paka vaselini juu ya teminali zilizokazwa, na mwisho kabisa washa sola. Hakikisha ving'ora vimewaka na usome tarehe nyuma yake, kwa sababu vyote viwili vina mwisho wa matumizi. Toa ile karatasi kwenye usukani.

Ili kujua kama betri ya nyumba imepona kweli, iache usiku mzima bila chaja, asubuhi washa taa na feni ya hita kwa saa moja. Nzima itashuka kidogo na kutulia. Mbovu itaporomoka chini ya 12 ndani ya dakika chache. Kwa za vifuniko kuna kipimo kizuri zaidi, haidromita ya dola chache, inayopima uzito wa asidi ukilinganisha na maji: pima kila tundu, na tundu moja likitofautiana na mengine kwa zaidi ya 0.050, chumba hicho kimekufa na hakuna chaja ya kukifufua. Zikiwa mbili za volti 6 na moja imeharibika, nunua mbili. Mpya ikifungwa na nzee huvutwa chini na mwenzake. Ya injini ipeleke duka la vipuri, mengi hupima bila malipo. Na kuukuu usiitupe: unapolipia mpya, muuzaji hukutoza ada ya betri ya zamani, na ukimpelekea ile iliyokufa anakurudishia.